Blanketi la Baba na Pasi ya Senge

Mtaa wa Munyaka,
Eldoret.
Jumatatu, 28 Julai 2025

Mpendwa Senge Maximilla,

Mulembe muno, dada wa pekee wa baba yangu. Habari ya huko Minnesota? Goti je? Mara ya mwisho ulisema unapanda ngazi huku umeshika ukuta, na mimi nilikasirika, kwa sababu daktari alikuambia upumzike na wewe bado unabeba sufuria za kanisa. Na Mzee Nicanor, presha yake imeshuka? Mwambie apunguze chumvi, hata kama hapendi kuambiwa hivyo na mtoto wa shemeji yake.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mnasema kwenu sasa ni joto. Basi tutumieni kidogo, maana Julai ya Eldoret unaijua. Asubuhi vidole vyangu vinakataa kushika sindano mpaka niwashe jiko kwanza. Mvua inanyesha karibu kila alasiri. Mahindi ya Baba kule Chepsaita yameanza kutoa maua, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Marvin wangu bado anasoma pale Chepkoilel, na bado anachotuletea nyumbani ni nguo chafu.

Kabla sijasahau: ndani ya bahasha hii kuna karatasi ndogo niliyoikunja na kuifunga kwa uzi mwekundu. Tafadhali usiifungue mpaka nikuambie. Baba amenionya kwamba wewe tangu utotoni ulikuwa ukifunua sufuria kabla ya chakula kuiva, kwa hiyo nakuomba, iweke mezani, ukalie mikono yako, usome.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu haijatosha. Kila nikitaka kukushukuru naanza kulia, na wewe unaniambia niache kulia, namaliza bando. Haya, karatasi haina bando. Leo nitashukuru mpaka nichoke mwenyewe.

Mama alipotuacha mwaka jana hukuweza kusafiri kwa ajili ya lile goti, kwa hiyo hukuiona siku ya kugawa nguo zake. Nilikueleza kwa haraka tu. Nguo zilitandazwa uani juu ya turubai, wanawake wa ukoo tukakaa kuzunguka, kila mtu akaitwa akapewa yake. Edinah, binti wa mama mdogo, alipata lile rinda la rangi ya maruni ambalo Mama alikuwa akivaa Jumapili. Mimi nikapata sketi mbili na kitenge cha manjano. Baba alikuwa amekaa kando akitazama ng'ombe. Tulipomuuliza kama kuna kitu angependa kubaki nacho, akasema bila kugeuka, "Gaweni zote. Na zikishatoka zisirudi kwa hii nyumba." Tukagawa, tukaenda zetu na vifurushi. Yeye akabaki na kitanda, na ukutani misumari mitupu.

Mwezi wa nne nilipokuambia kwamba Baba anasikia baridi hata jua likiwaka, na kwamba nataka kumnunulia blanketi zito, ulinikataza. Ulisema wanawake wa kanisa lenu hushona mablanketi ya vipande, yale mnayaita kwilti, na kwamba nirudi kwa kila aliyepewa nguo ya Mama nimwombe kipande. Senge, nitasema ukweli, nilidhani baridi ya huko imekuingia kichwani. Mzee amesema zisirudi, nami nimrudishie zote zikiwa zimeshikana! Ukanijibu, "Hazirudi kama nguo. Na akikataa, mwambie ni mimi nilikutuma, anikatalie mimi."

Asante kwa kunibebea uoga wangu. Bila neno hilo nisingeshika makasi.

Hakuna aliyeninyima kipande, na wengine walinipa na chai. Unamkumbuka Khadija mwenye duka la vitambaa hapa kwetu, ambaye Mama alikuwa akimletea maziwa kila akija mjini? Nilienda kwake kununua flaneli ya upande wa chini. Akakata nzuri kuliko ile niliyoonyesha, na nilipofungua pochi akaja juu kabisa. "Wallahi Nanzala, ukitoa kitu hapo hatusalimiani tena. Unafikiri yule alikuwa mama yako peke yako?" Nikafunga pochi. Mwombee huyo mama, Senge, ana moyo.

Shida ilikuwa lile rinda la maruni. Nilipofika kwa Edinah nilikuta limeshageuzwa kuwa gauni la binti yake, na limempendeza, siwezi kusema vinginevyo. Yaliyobaki yalikuwa mikono, mshipi na ukanda wa chini. Edinah alinipa yote bila maneno, ila wakati wa kunisindikiza hakuweza kujizuia: "Unajisumbua, dada. Mzee atamtandikia ndama." Hata mimi niliogopa hivyo hivyo.

Nikakata maruni ile ndogo nikapanga kila kipande kiwe katikati ya mraba mmoja, na vipande vya nguo nyingine vikizunguke. Nilipomaliza hapakubaki hata cha kufunga kidole.

Sasa wewe unajua kazi yangu ni unifomu za shule. Hizo sketi za marinda zinazopita hapa barabarani asubuhi, nyingi zimepita chini ya pasi yangu. Kwa hiyo uliponitumia ule ujumbe mrefu kuhusu namna ya kupiga pasi mishono ya kwilti, nilisoma mwanzo tu nikacheka. Nikamwambia Lusweti mume wangu, Senge amevuka bahari kwenda kufundishwa pasi, na bado anataka kumfundisha fundi. Naye Lusweti akasema labda ningesoma mpaka mwisho. Huyo mwanaume ana tabia ya kuwa na haki wakati ambapo sihitaji.

Nikashona. Nikapiga pasi kama ninavyopiga sketi: nageuza upande wa nyuma, napanua mshono pande zote mbili, nabonyeza na kuvuta mpaka kitambaa kiseme ndiyo. Kisha nikatandaza miraba yote sakafuni ili niiunganishe, na haikupatana hata kidogo. Huu mdogo, huu mpana, huu una kingo zinazopanda na kushuka. Mishono iliyotakiwa kukutana kwenye kona ilipishana waziwazi. Vipande vya maruni vilikuwa vyembamba kabisa, na mimi nilikuwa nimevipima kabla ya kukata! Nikapima tena mishono yangu, iko sawa. Sikuelewa. Nikalowesha mraba mmoja, nikauvuta kwa mkono huku nikiuburuta kwa pasi ya moto, ili unyooke kwa lazima, na kile kipande cha maruni kikachanika katikati.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikalia. Unifomu nikiikosea nakata nyingine. Rinda la Mama halina jingine.

Ile siku uliponipigia kwa video, nilikuwa sijakuambia lolote. Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, nikijifanya kila kitu kiko shwari, nikiendelea na pasi yangu. Ulikuwa ukinihadithia habari za majirani zako, ukakatiza ghafla. "Nanzala, hiyo sauti ni ya nini?" Nikasema ni pasi. Ukasema, "Unapiga pasi ama unapiga deki?" Senge, nilicheka huku machozi yananitoka. Yaani umbali wote huo, na bado ulisikia kwa masikio kosa ambalo mimi nilikuwa nimeliinamia silioni.

Nataka ujue kwamba kila ulichoniambia siku hiyo nimekishika. Uliniambia nigeuze mraba upande wa juu, nipitishe ukucha kando ya mshono. Nikapitisha. Ukucha ukaingia. Kulikuwa na kikunjo kidogo, unene wa uzi tu, kimelala sambamba na mshono, na nilikuwa nimekipiga pasi vizuri sana mpaka kikawa hakionekani. Kila mshono ulikuwa na chake. Kitambaa cha Mama hakikuwa kimepungua, kilikuwa kimejikunja pale pale, na ni mimi niliyekifungia.

Basi nikaanza upya kama mwanafunzi. Kwanza mshono unapigwa pasi ukiwa bado umefungwa kama ulivyotoka kwenye cherehani, ili uzi utulie. Halafu unafungua kwa upande wa juu, si wa nyuma, na ukingo wote unalazwa upande mmoja, kwenye kitambaa chenye rangi nzito usionekane kwa nje. Mstari wa kwanza unalala kulia, wa pili kushoto, na mistari inapokutana mishono inashikana yenyewe kama vidole vya mikono miwili. Na pasi haiendi popote. Weka, ngoja, inua. Nilikuwa nayasema kwa sauti mpaka Marvin akauliza ninaongea na nani.

Vipande vya maruni vikafunguka kimoja kimoja, na kila nilipoweka rula vilikuwa vimerudi kwenye kipimo. Kila mara nilisema asante. Wakati mwingine nilikuwa namwambia Mungu, wakati mwingine wewe, na mara moja nadhani niliiambia pasi.

Kile kibao ulichosema niweke juu ya mshono ukiwa bado na moto, nilimwomba Ondiek, fundi wa mbao hapa jirani, anichongee. Akakileta kimelainishwa vizuri, kina mviringo wa kushikia, na kinang'aa kama meza ya harusi. Alikuwa amekipaka vanishi! Nikajaribu juu ya kitambaa kibovu, kikanata, kikaacha doa la rangi ya chai. Nilipomrudishia alihuzunika kweli. "Sasa mama, mtu atakuja kwako aone kibao haina hata polish, aseme Ondiek ndiye alitengeneza?" Tukakubaliana kwamba chini kipigwe msasa mpaka mbao ibaki tupu, na juu vanishi ibaki kwa heshima yake. Kinafanya kazi ajabu. Mshono unapoa chini yake ukiwa umelala kabisa.

Yale tuliyoweza kuokoa tuliokoa. Kile kilichochanika hakikuokoka, kwa hiyo kwenye mraba wa mwisho, ule wa kona ya miguuni, nilitia kipande cha unifomu ya bluu kutoka kwa masalio yangu. Kilikuwa kizuri, kina kipimo, lakini kila nikikitazama kilikuwa mgeni.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa nikalipeleka blanketi Chepsaita, nimelifunga ndani ya mfuko wa duka la Khadija. Njiani nilikuwa nikipanga maneno, na nilipomwona Baba ameketi kibarazani akitia mpini kwenye jembe, yote yakanitoka. Nikamsalimu, nikampita, nikaenda moja kwa moja chumbani nikalitandaza kitandani. Nikasema, "Baba, njoo uone kitu. Ni Senge alinituma."

Alisimama mlangoni. Hakuingia. Niliona macho yake yakitembea, kitenge cha manjano, zile sketi, lile shuka la Mama la maua, mpaka yakafika kwenye maruni yakasimama. Nilijua ameijua. Nikangoja aseme niiondoe, na nilikuwa tayari nimeshika pindo la blanketi nilikunje.

Akaingia. Akainama miguuni mwa kitanda, akafumba jicho moja, akatazama kufuata mstari wa mishono mpaka upande wa mto, vile anavyotazama mahindi yake baada ya kupanda. Akahamia mstari wa pili. Halafu akapitisha kiganja juu yake polepole, akitafuta matuta. Akauliza, "Ni nani alikuwekea hizi laini?"

Nikamwambia ni wewe, kwa simu. Kwamba nilikuwa nimeharibu, na wewe ukanifundisha kupiga pasi.

"Maximilla?" akasema. "Huyu Maximilla wetu? Ule aliunguza shati yangu ya harusi?"

Na akacheka, Senge. Baba alicheka mpaka akakaa kitandani, juu ya blanketi, bila kufikiri. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Mama. Nilienda dirishani nikajifanya naangalia ndama.

Kumbe kuna hadithi ambayo mimi, mtoto wake mkubwa, sikuwahi kuisikia! Akanieleza kwamba asubuhi ya harusi yao, nyumbani Kimilili, wewe ukiwa msichana wa shule, ulipewa pasi ya makaa unyooshe shati lake jeupe. Ukaiacha juu ya shati kidogo tu, ukakimbia kuchungulia kama gari la bibi harusi limefika. Pasi ikachora umbo lake lote mgongoni. Baba akavaa hivyo hivyo na koti juu, na jua likiwaka la kuua mtu, hakulivua koti mpaka wageni walipoondoka. Mama ndiye aliyegundua Baba alipolivua. Alikuwa bibi harusi wa siku moja, hajazoea hata jikoni, lakini alimwambia Baba, "Yule mtoto asiguswe na asiulizwe. Kuanzia leo mashati ni kazi yangu." Akalikunja shati akalificha chini ya sanduku ili babu asilione. Baba anasema ulikuwa ukimkwepa Mama kwa wiki nzima, ukidhani anakungoja na fimbo, mpaka siku moja akakuita umsaidie kuchambua mboga, na tangu hapo hamkuachana.

Nilikuwa bado nafuta macho aliposimama, akavuta sanduku lake uvunguni, akapekua mpaka chini kabisa, akatoka na shati. Jeupe, limekuwa rangi ya maziwa sasa, na mgongoni ile pasi yako imekaa, ya kahawia, mpaka na ncha yake. Siku ya kugawa halikutolewa kwa sababu halikuwa la Mama, lilikuwa lake. Kumbe alibaki na kitu.

Akaweka kidole juu ya kile kipande cha bluu. "Na hii ni ya nani?" Nikamwambia ni ya unifomu tu, kwamba maruni ilichanika. "Toa," akasema. "Weka hii. Kata hapa penye imeungua."

Nikamwambia nitalirudisha mjini nikalishone kwa cherehani. Akakataa kata kata. "Haitoki tena kwa hii nyumba. Shona hapa." Basi nikashona kwa mkono, nimekaa kitandani kwa Mama, na Baba akawasha ile pasi ya makaa ya zamani mwenyewe, akaipepea makaa yakashika. Nilipoiweka juu ya mshono, nilikuwa nimesahau kwamba yuko nyuma yangu. "Inua," akasema. "Si ndiyo uliambiwa?"

Leo asubuhi amenipigia kuniambia kwamba amechelewa kukamua. Ng'ombe walikuwa wanalia na yeye hakuwasikia. Alikuwa akilalamika, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

Nimeshukuru, Senge, na bado sijachoka. Asante kwa kunikataza kununua. Asante kwa kusikia. Asante kwa kunisema kama mtoto wakati nilikuwa najiona fundi. Lusweti anakusalimu sana, na Marvin, na Edinah, ambaye sasa anadai kwamba tangu mwanzo alijua mzee atalipenda. Khadija anakutumia salamu na kusema ukija ufike dukani kwake kabla ya kwenda popote. Wasalimie wanao wote na Mzee Nicanor. Mungu awalinde, aliponye goti lako, na akurudishe siku moja ukae kwenye kile kitanda ukione mwenyewe.

Sasa fungua ile karatasi.

Ile alama kwenye shati ilikuwa kubwa kuliko mraba. Ncha ya pasi iko kona ya miguuni, kwa Baba, pembeni mwa maruni ya Mama. Hicho ulichoshika ni kipande kilichobaki. Nilipotaka kukitupa Baba alikichukua mkononi mwangu, akakikunja, akasema, "Mpelekee hii, ni yake. Na umwambie ile siku hakuna mtu alikasirika."

Ni mimi nikupendaye, na ninayeinua pasi siku hizi,

Nanzala